Aliyeliona Jitu Peke Yake

"Ule mutu anasema kweli! Juu ya nini hamumusadiki?"

Mama aliyepaza sauti hiyo alikuwa ameketi nyuma kabisa, juu ya ndoo aliyoipindua, mtoto amelala mgongoni. Hakuwa akisema nasi. Alikuwa akisema na shuka jeupe tulilolitundika ukutani, ambamo mtu mfupi mnene alikuwa anatetemeka mbele ya jeneza linalofunguka lenyewe, sauti imemkauka kooni hata kumwita mwenzake hawezi. Mwenzake, mrefu na mkavu, alipofika alikuta jeneza limefungwa na chumba kimetulia. Akamkaripia mfupi. Alipokwenda zake tu, kifuniko kikaanza tena kuinuka polepole, na hapo ndipo yule mama aliposhindwa kuvumilia.

Filamu yenyewe ni "Abbott and Costello Meet Frankenstein" ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Charles Barton kwa kampuni ya Universal. Haina rangi, ina dakika 83, na Kiingereza chake kinakimbia kama maji ya Mto Luapula wakati wa masika. Tuliitazama hapa Mantapala, makazi ya wakimbizi wilayani Nchelenge, Zambia, usiku mmoja wa Juni wenye baridi, kwa projekta ya kuazima na betri iliyochajiwa kwa sola mchana kutwa. Mimi nilitafsiri kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na kijana mmoja mwenyeji akawapokezea kwa Kibemba majirani Wazambia waliokuja kutazama. Nilitegemea watu wacheke, na walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Lakini kabla ya kucheka walimhurumia yule mfupi, wakamkasirikia yule mrefu, na tangu usiku ule sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Filamu za mazimwi za kuchekesha, zile za zamani zisizo na rangi, zina wapenzi wengi duniani, na mapenzi yao yana historia. Mwaka 1931 Universal ilitoa "Dracula", mnyonya damu akiwa Bela Lugosi, kisha "Frankenstein", ambamo Boris Karloff alikuwa lile jitu lililoungwa kwa viungo vya maiti. Watu waliogopa kwelikweli. Miaka ikapita, mazimwi yakazoeleka, yakachujuka kama kitenge kilichofuliwa mno, hadi kampuni ikaamua kuyakutanisha na wachekeshaji wake wawili, Bud Abbott na Lou Costello. Lugosi akarudi kuwa Dracula. Lon Chaney Mdogo akawa Larry Talbot, mtu anayegeuka mbwa-mwitu mwezi ukipevuka. Karloff hakukubali kulivaa tena jitu lake, likavaliwa na Glenn Strange. Mwaka 1957 filamu za kutisha za zamani ziliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani kwa mkupuo mmoja, 52 kwa pamoja, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotengenezwa wakazipenda kana kwamba zilitengenezwa kwa ajili yao. Walizirithisha kwa watoto wao, na watoto kwa wajukuu. Mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu ya Abbott na Costello katika orodha ya filamu ambazo taifa hilo limeamua kuzihifadhi zisipotee.

Wapenzi hao wanajua vitu vidogo vidogo. Wanajua kwamba Dracula, ambaye kwa kanuni haonekani kwenye kioo, kuna mahali katika filamu hiyo kioo kinamwonyesha waziwazi, na hakuna aliyepafuta. Wanajua kwamba Strange aliumia mguu wakati wa kupiga picha, kwa hiyo jitu linalomrusha daktari wa kike dirishani si yeye, ni Chaney aliyevua manyoya ya mbwa-mwitu akavaa sura ya jitu kumwokolea mwenzake siku ya kazi. Wanazitaja kasoro hizi kwa upole, kama mtu anavyousifia mwanya wa mpenzi wake.

Ukiwauliza sababu ya mapenzi yao, wengi watakwambia kwamba mazimwi ya filamu ile hayafanyi mzaha. Dracula wa Lugosi ni Dracula kamili: macho yake, mkono wake, ile sauti yake nzito ya mtu wa Hungaria. Talbot anateseka kwelikweli kwa laana iliyomshika. Hakuna hata mmoja kati yao anayemkonyezea jicho mtazamaji. Anayechekesha ni mwanadamu aliyekutana nao. Nakubaliana na wapenzi hao kabisa, na nadhani ndiyo sababu vichekesho vingi vya mazimwi vilivyofuata havikufika mbali: watengenezaji wake walilivunja jitu, wakaligeuza mwanasesere, na hofu ilipoondoka, kicheko nacho kikaondoka. Hata ile ambamo Abbott na Costello wanakutana na maiti ya Misri, ya mwaka 1955, mimi naiona imechoka tangu mwanzo.

Lakini sababu hiyo haitoshi. Haielezi kelele ya yule mama.

Itazame hadithi kwa jicho la mtu wa Mantapala. Wilbur, ambaye ni Costello, na Chick, ambaye ni Abbott, ni wachukuzi wa mizigo katika kituo cha reli kule Florida. Wanapeleka makasha mawili kwenye nyumba ya maonyesho ya vitu vya kutisha. Ndani ya kasha moja yumo Dracula, ndani ya jingine limo jitu. Wilbur anayaona yote mawili yakiinuka na kuondoka kwa miguu yao. Chick haoni kitu, kwa kuwa kila akiingia chumbani yeye, wao wamekwisha toka. Mwenye makasha anapokuta ni matupu, haulizi yaliyomo yamekwenda wapi. Anawashtaki wachukuzi kwa wizi. Yaani aliyeona ndiye anayefungwa. Baadaye tunaelewa kwamba Dracula anautaka ubongo wa Wilbur auweke kichwani mwa jitu, kwa sababu ni ubongo wa mtu mpole, asiye na ubishi, atakayetii amri. Na katika filamu nzima anayemsadiki Wilbur tangu mwanzo ni mmoja tu, Talbot, kwa sababu Talbot mwenyewe ni majeruhi wa mambo hayohayo. Usiku wa mwezi mpevu anaomba afungiwe chumbani asije akadhuru watu.

Sasa fikiria waliokuwa wameketi mbele ya shuka lile. Wengi walivuka kuanzia mwaka 2017 kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika kule Kongo, wakikimbia mapigano ya makundi yenye silaha na majeshi. Walipitia Pweto na vijiji vya kando ya Ziwa Mweru, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu hadi Chiengi, wakapokelewa Kenani, na tangu Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa hapa, kila familia na kiwanja chake. Zambia ilitupokea vizuri, na hilo tunalisema bila kulazimishwa. Lakini kila mmoja wetu aliwahi kukaa mbele ya meza fulani, mahali fulani, akaeleza alichokiona, na aliyekuwa upande wa pili wa meza alikuwa anaingia chumbani baada ya jeneza kufungwa. Ulisema walikuja usiku. Ukaulizwa saa ngapi. Ulisema walikuwa wamevaa hirizi na kofia za jeshi; ukaulizwa kofia za jeshi gani. Mimi niliulizwa mara tatu, siku tatu tofauti, jina la kijiji ambacho hakikuwapo tena, na mara ya tatu mwulizaji alifunga daftari akaniambia nipumzike, huenda nimechanganya mambo. Sikuwa nimechanganya. Sijawahi kumlaumu mtu yule, hakuwapo. Lakini nilipoona Chick akimwambia Wilbur kwamba hakuna kitu kama hicho duniani, mwili ulinisisimka, na nilijua yule mama wa kwenye ndoo alikuwa amesisimkwa pia.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho watu wanachokipenda katika filamu hizi, hata kama hawakitaji. Wanampenda shahidi asiyesadikiwa. Mtoto yeyote wa Ohio au wa Mantapala ameamka usiku akaona kitu pembeni mwa chumba, akaita, wakubwa wakaja na taa, hakuna kitu, akaambiwa alale. Filamu ile inamweka mtoto huyo upande wa ukweli. Inampa dakika 83 za kuwa na haki. Mwishoni kabisa, baada ya jitu kuteketea kwa moto gatini na wale wawili kukimbilia kwenye mashua, Wilbur anamgeukia Chick na kumtaka siku nyingine amsadiki. Mashabiki wengi husifu kinachofuata, ambapo Mtu Asiyeonekana anasikika yumo humohumo mashuani, kwa sauti ya Vincent Price. Hapa kwetu walioshangilia walishangilia kabla ya hapo, pale Wilbur alipodai asadikiwe.

Eneo hili lenyewe lina historia ndefu ya mashahidi wasiosadikiwa. Upande wa Katanga, zama za Wabelgiji, watu walisema habari za batumbula, wakamataji wa usiku waliochukua watu wakapotea. Upande huu, uliokuwa Rhodesia ya Kaskazini, waliitwa banyama, na walitajwa miaka ya 1930, wakati mwingine wakihusishwa na mapadri wa kigeni. Pwani ya Tanganyika na Kenya ni mumiani. Nairobi na Kampala walilaumiwa wazimamoto, kwamba wananyonya damu za watu. Wakubwa wa serikali waliandika katika majalada yao kwamba ni ushirikina wa wenyeji, wakafunga majalada. Mwanahistoria Luise White aliyafungua upya. Katika kitabu chake cha mwaka 2000, "Speaking with Vampires", hakusema kwamba kulikuwa na wanyonya damu. Alisema masimulizi yale yachukuliwe kama ushahidi wa namna watu walivyouona ukoloni: kazi, dawa, magari mekundu, watu wanaoondoka wasirudi. Mwenye kusimulia alikuwa ameona kitu. Lugha aliyokuwa nayo ya kukisema ilikuwa lugha ya zimwi.

Ndiyo maana nilipofika kwenye kutafsiri sikupata shida. Mbwa-mwitu hayupo hapa, kwa hiyo Talbot nilimfanya mtu anayegeuka simba, na hakuna aliyeuliza maswali. Pande zote mbili za ziwa watu hao wana visa vyao. Dracula nilimwita mumiani, mzee mmoja aliyeishi Kigoma akatikisa kichwa kuniunga mkono, na kijana wa Kibemba akasema munyama bila kusita. Jitu la Frankenstein lilitutosha kuwa jitu. Kutafsiri namna hii si uvumbuzi wangu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu za kigeni iliwavuta watu kuliko waigizaji wenyewe, na Kampala wanao kina VJ Jingo mpaka leo. Hata hao Wamarekani wa mwaka 1957 walikuwa na watu wa aina hiyo: vituo vingi viliweka mtangazaji aliyejipaka uso kama maiti, akikatiza filamu kwa maneno yake, na yule wa Philadelphia, John Zacherle, alipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Filamu ya kutisha inataka mtu wa kukushika mkono. Sungura wa hadithi zetu, Kalulu wa Wabemba, amekuwa akituingiza pangoni mwa simba na kututoa tukicheka tangu enzi za mababu, na hakuwahi kufanya hivyo bila bibi wa kusimulia.

Kuna watu wawili ninaowaheshimu waliokuja kunionya baada ya usiku ule. Mmoja ni mchungaji. Aliniambia kucheza na picha za majini ni kuyafungulia mlango. Sitabishana naye juu ya imani yake, ila namwomba alitazame jambo moja: filamu ile haimwaliki mtu kwenye uovu wowote, na uovu hautukuzwi humo hata kidogo, mwisho wake Dracula anatumbukia baharini na jitu linaungua. Mwingine ni dada anayefanya kazi na watoto walioona mauaji. Yeye alisema hofu si mchezo kwa watoto hawa, na huyu maneno yake yaliniingia. Nilikaa nayo wiki nzima. Jibu langu ni kwamba vijana wetu tayari wanatazama ya kutisha. Yapo kwenye simu zao, ya rangi, yenye damu inayotapakaa na misumeno, na wanayatazama peke yao chini ya blanketi. Katika filamu ya mwaka 1948 damu karibu haipo. Jitu linatembea polepole, mikono mbele, na mtoto wa miaka saba anaweza kulikimbia. Tena mtoto huyo yuko katikati ya watu sitini, mama yake yuko hapo, na mama yake anacheka. Watoto wadogo sana tuliwarudisha nyumbani kabla hatujaanza, na tutaendelea kufanya hivyo.

Kukosa rangi nako kunasaidia. Mel Brooks alipotengeneza "Young Frankenstein" mwaka 1974, wakati rangi imekwisha tawala, alishikilia iwe nyeusi na nyeupe hadi akaachana na kampuni moja na kuhamia nyingine iliyokubali, na akatumia mitambo ileile ya maabara iliyotumika katika filamu ya mwaka 1931. Alijua anachokilinda. Nyeusi na nyeupe inamwambia mtazamaji tangu mwanzo kwamba hii ni hadithi, kama vile paukwa inavyomwambia. Kwetu kuna jambo la zaidi: usiku wetu wenyewe hauna rangi. Ni taa moja na vivuli vikubwa ukutani. Kivuli cha Lugosi kilipopanda ukuta wa matofali, kilikuwa kivuli tunachokijua.

Sasa niseme linalonikera. Tangu mwanzo wa sinema Afrika, mtu mwingine ndiye amekuwa akituamulia tucheke nini. Mwaka 1935 hadi 1937, kule Vugiri, mkoani Tanga, Waingereza walitengeneza filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Katika kambi za migodi ya Copperbelt, ambako babu wengi wa Luapula walikwenda kutafuta kazi, wachimbaji walipenda sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, na kulikuwa na wakaguzi wa kukata sehemu zisizowafaa watu weusi. Kongo ilikuwa vilevile. Hata hivyo padri mmoja wa Kasai, Albert Van Haelst, aliona kwamba watu wanataka kucheka, na miaka ya 1950 akatengeneza filamu fupi zisizo na rangi za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwingine mwembamba, Wakongo wawili wenye visa visivyokwisha. Padri alikuwa na mafundisho yake ndani, lakini alielewa kwamba kicheko nacho ni haja.

Leo magari yenye projekta yanapofika kwenye makazi ya wakimbizi, yanaleta filamu za kipindupindu, chandarua, ndoa za utotoni, kunawa mikono. Sipingi hata moja. Nimepoteza ndugu kwa kipindupindu, najua thamani ya filamu hiyo. Lakini mtu ambaye miaka nenda rudi anaonyeshwa tu filamu za kumrekebisha, mwishowe anajiona ni kosa linalosubiri kurekebishwa. Hakuna anayemletea filamu kwa sababu tu ni nzuri.

Kwa hiyo naandika kuomba, na ombi langu ni dogo. Wenye projekta, mkija Mantapala, malizeni somo lenu kisha mtuachie nusu saa. Ipo filamu ya Buster Keaton ya mwaka 1921, "The Haunted House", ya dakika kama 20. Ni ya kimya, haihitaji mtafsiri wa Kiswahili wala Kibemba, na ni ya zamani kiasi kwamba huko Marekani haina tena mwenye kudai malipo. Karani wa benki anajikuta katika nyumba ya mizuka. Akipanda ngazi, ngazi zinalala na kuwa mteremko, anaporomoka hadi chini, anainuka, anajaribu tena. Kwa watu wazima ipo "The Little Shop of Horrors" ya Roger Corman ya mwaka 1960, yenye mmea unaodai kulishwa watu, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa picha kwa siku mbili tu. Nayo haina gharama ya haki. Shuka tunalo, ukuta tunao, watu watakuja wenyewe.

Na kama mnaweza, msiondoke mara filamu inapoanza. Ketini nasi, nyuma kule kwenye ndoo, msikie watu waliotoka Pweto na Moba kule Kongo wanamwambia nini yule anayeliona jitu peke yake.